Pembe ya Ng'ombe na Mpini wa Kisu

Katika machinjio ya nchi yetu, makubwa kwa madogo, kuanzia yale ya Athi River ambako Kenya Meat Commission ilianzishwa mwaka wa 1950, hata banda la kijijini lisilo na kitu ila boriti moja na kulabu mbili, mna mali ambayo watu wengi huiona kuwa takataka. Nyama huuzwa, ngozi hutiwa chumvi ikapelekwa kwa watengenezaji, miguu huchemshwa supu, na hata mifupa ina wanunuzi wake. Lakini pembe mara nyingi hutupwa nyuma ya banda, zikawa chungu ya kuvutia nzi na mbwa.

Wazee wetu hawakuzidharau. Katika Ukambani na Ukikuyu mzee aliweka tumbaku yake katika tabakero ya pembe. Mganga aliumika wagonjwa kwa chuku. Na pwani baragumu ilipigwa kuwaita watu barazani. Siku hizi wako mafundi katika Nairobi, na hasa Kibera, wanaofanya vikuku, hereni na vifungo vya nguo kwa mifupa na pembe za ng'ombe, na kazi yao huuzwa hata ng'ambo. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kazi moja tu katika hizo, nayo ni kuitayarisha pembe ili iwe mpini wa kisu. Ni kazi iwezayo kufanywa na mtu mwenye msumeno, tupa na sufuria kuukuu, lakini si kazi ya haraka, tena ina hatari moja kubwa ambayo yapasa ielezwe kabla ya yote.

Kwanza yafaa kufahamu pembe ni kitu gani. Pembe ya ng'ombe si mfupa. Ndani yake mna mfupa, nao ni kiini kilichoota kutoka katika fuvu la kichwa, chenye mishipa ya damu. Lakini ile sehemu ya nje tunayoiita pembe ni kama ala iliyouvika mfupa huo, kama vile ala inavyouvika upanga. Ala hiyo imefanywa kwa keratini, kitu kile kile kilichofanya kucha zetu, nywele zetu na kwato za mnyama. Ndivyo ilivyo kwa mbuzi, kondoo, nyati na jamii ya paa. Pembe ya kifaru ni tofauti, kwa kuwa haina mfupa ndani. Na ile tuitayo pembe ya ndovu si pembe hata kidogo, bali ni jino.

Ala hii hukua kwa tabaka, moja ndani ya nyingine, kama kofia nyingi zilizovikwa pamoja. Karibu na kichwa huwa nyembamba na yenye uwazi. Kwenye ncha hujaa kabisa, isiwe na tundu. Kutokana na maumbile hayo pembe ina tabia tatu, na mwenye kuzijua ameijua kazi nusu yake. Hulainika ikitiwa moto, ikakubali kupindwa. Hunywa maji ikavimba, na ikikauka husinyaa. Tena hupasuka kufuata tabaka zake, kama ubao upasukavyo kufuata nyuzi zake.

HATARI YA KIMETA

Pembe ya kufanyia kazi itoke kwa mnyama aliyechinjwa mahali panapokaguliwa nyama, ambaye nyama yake imepigwa muhuri na mkaguzi. Sharti hili si la ukali wa bure. Ng'ombe aliyekufa ghafula malishoni huenda amekufa kwa kimeta, na kimeta huua watu pia.

Vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujigeuza kuwa kama mbegu zenye ganda gumu, na mbegu hizo zaweza kukaa katika udongo, ngozi, nywele, mifupa na pembe kwa miaka makumi bila kufa. Jua haliziondoi. Kuchemsha katika sufuria ya kawaida hakuwezi kutegemewa kuziua zote, kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba pembe ya mzoga itakuwa salama kwa kuwa imetokota. Kazi ya pembe ndiyo inayofaa sana kuzieneza, maana fundi hukata kwa msumeno, husugua kwa tupa, na vumbi humwingia puani, hukaa mikononi penye mikwaruzo, na hupeperuka mpaka kwenye chakula chake. Katika Uingereza ugonjwa huu uliwaua wachambuzi wa sufu katika viwanda vya Bradford, na wafanya kazi wa nywele, ngozi na pembe nao waliupata. Ndipo Serikali yao ikapitisha sheria mwaka wa 1919 ya kusafisha bidhaa hizo kabla hazijafika kiwandani. Hapa Kenya ugonjwa haujatoweka. Mwaka wa 2015 nyati wengi walikufa kwa kimeta katika mbuga ya Ziwa Nakuru.

Dalili za mnyama aliyekufa kwa kimeta ni hizi: hufa ghafula, huvimba upesi, mwili haukakamai kama ilivyo desturi ya mizoga, na damu nyeusi isiyoganda humtoka puani, mdomoni au nyuma. Mzoga kama huo usipasuliwe, usichunwe, wala usikatwe pembe. Apelekewe habari afisa wa mifugo, kwa maana ugonjwa huu ni katika yale ambayo sheria yataka yatangazwe. Mtu aliyemgusa mnyama wa namna hiyo, akaona kipele kisichouma sana kinachogeuka kuwa kidonda chenye kovu jeusi katikati, asikae nyumbani kungoja kipone. Aende hospitali siku ile ile, na amweleze daktari alichokigusa. Dawa ipo, nayo hufanya kazi vizuri ikiwahiwa.

Hapa wengine husema kwamba pembe zilizokaa miaka mingi juani porini zimekwisha kusafishwa na mvua na upepo. Haifai kuwasikiliza. Hakuna ajuaye mnyama yule alikufaje, na pembe za bure zimejaa machinjioni.

PEMBE ZA WANYAMA WA PORINI

Tena kuna jambo la sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka wa 1977, na mwaka uliofuata biashara ya vitu vilivyotokana na wanyama wa porini ikakomeshwa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 nayo imekaza zaidi. Kwa hiyo pembe ya nyati, tandala, choroa, au mnyama mwingine ye yote wa porini, hata ikiwa imeokotwa tu, haiwezi kuwa mpini wa kisu cha mtu asiye na kibali. Anayeiona aache, apeleke habari kwa askari wa wanyama.

Sababu ya ukali huo yahusu mipini ya visu hasa. Katika Yemen mwanamume huvaa jambia kiunoni, na mpini uliotukuzwa kupita yote ulikuwa wa pembe ya kifaru, kwa kuwa kadiri unavyoshikwa ndivyo unavyozidi kung'aa. Katika miaka ya 1970, Wayemeni wengi walipokwenda kufanya kazi Saudi Arabia na kurudi na fedha, watu ambao zamani hawakuweza kununua jambia ya namna hiyo waliweza. Pembe nyingi zilitoka Afrika ya Mashariki. Kenya, ambayo mwaka wa 1970 ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi 20,000, ilibaki na wasiotimia 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Yemen ya Kaskazini ilikataza kuingizwa kwa pembe hizo mwaka wa 1982, na mafundi wa jambia wengi wakageukia pembe ya nyati wa kufugwa atokaye India. Wazee wa Sanaa watasema si sawa na ile ya zamani. Lakini hukatwa, husuguliwa na kung'arishwa kwa njia zile zile, na njia hizo zaifaa pembe ya ng'ombe wetu pia.

KUCHAGUA PEMBE

Ng'ombe wa maziwa wa kizungu, kama Friesian na Ayrshire, aghalabu huchomwa vichipukizi vya pembe wangali ndama, kwa hiyo machinjio ya sehemu za maziwa yana pembe chache. Pembe nzuri hutoka kwa zebu na Boran waletwao kutoka kaskazini, na kwa ng'ombe wa Ankole wa Uganda, ambao pembe zao ni ndefu mno. Maksai huwa na pembe ndefu kuliko fahali, na mnyama mzee huwa na pembe nene kuliko kijana. Pembe ya ndama haifai, maana ni kama karatasi.

Itazame kwa uangalifu. Iinue mbele ya jua; pembe nyeupe au ya kahawia hupenyeza nuru kidogo, na ufa wo wote utaonekana kama mstari mweusi. Pembe nyeusi haipenyezi nuru, kwa hiyo igonge kwa kijiti: iliyo nzima hulia vizuri, iliyopasuka hutoa sauti ya kufa. Epuka pembe yenye vishimo vidogo au vijibomba vya udongo vinavyochomoza nje. Hiyo ni kazi ya nondo fulani wa Afrika atagaye mayai yake juu ya pembe za wanyama waliokufa; viwavi wake ni katika viumbe wachache sana duniani wawezao kula keratini, nao huitoboa pembe mpaka ikawa kama chujio.

Rangi ni shauri la fundi. Nyeusi tupu hupendeza na shaba ya manjano. Ile yenye michirizi ya maziwa na asali huuzwa upesi zaidi kwa wageni. Jambo la maana ni kupata pembe mbili za kichwa kimoja, maana vipande viwili vya mpini mmoja vikitoka katika pembe za wanyama mbalimbali, macho hutambua mara moja.

KUTOA MFUPA WA NDANI

Pembe itokayo machinjioni ingali na mfupa wake, na kati ya mfupa na ala mna utando wa nyama. Utando huo ukioza au ukilainika, mfupa hutoka. Njia ya kwanza ni kuziacha pembe mahali penye kivuli na hewa, mbali na nyumba, kwa muda wa wiki tatu hata sita. Zitanuka, hapana dawa ya jambo hilo ila umbali. Muda ukitimia, shika pembe kwa ncha na uigonge shina lake juu ya gogo, mfupa utachomoka wenyewe. Njia hii haina gharama wala haiudhuru ubora wa pembe, na kwa maoni yetu ndiyo bora kwa mtu asiye na haraka na asiye na jirani wa karibu.

Njia ya pili ni kuchemsha. Chukua debe au sufuria ambayo haitapikiwa chakula tena, uiweke nje, ujaze maji, na uzichemshe pembe kwa nusu saa hata saa moja. Kila baada ya robo saa toa moja kwa koleo, uishike kwa gunia, uigonge. Mara mfupa unapotoka, pembe hiyo isirudi majini. Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kuchemsha zaidi ni kusafisha zaidi. Pembe iliyotokota nusu siku hupoteza mafuta yake ya asili, hupindika, na ikikauka tabaka zake huanza kuachana.

Baada ya hapo kwangua ndani kwa kisu kibovu, uioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, na uisuuze. Usitie kostiki, wala maji makali ya jivu, ingawa husafisha upesi. Vitu hivyo huila keratini yenyewe, na uso wa pembe huwa mlaini kama sabuni.

KUKAUSHA

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Pembe iliyooshwa huonekana kavu siku ya pili, lakini ndani imejaa maji. Ukiifanya mpini siku hiyo, baada ya miezi miwili mpini utakuwa umesinyaa, ribiti zitachomoza nje na kumkwaruza mwenye kisu, au pembe itapasuka kuanzia kwenye tundu la ribiti. Mpini unaolegea wakati mtu anapokata kitu kigumu si aibu ya fundi peke yake. Ni mkono wa mwenziwe unaoteleza kwenye makali.

Basi zitundike pembe kivulini penye upepo, zisipigwe na jua. Paka nta ya nyuki mahali palipokatwa, maana maji hutoka upesi kwenye mkato kuliko kwenye uso, nako kutokuwa sawa huko ndiko kuletako nyufa. Kuna njia rahisi ya kujua kama pembe imekauka, ambayo haihitaji ujuzi wo wote: ipime kwa mizani kila wiki, na uandike uzito wake juu yake kwa kalamu ya risasi. Siku itakapokuwa haipungui tena, imekauka. Vipande vyembamba huchukua wiki chache. Ncha nene zaweza kuchukua miezi.

Mtu aishiye Mombasa au Lamu akumbuke kwamba pembe iliyokauka pwani haijakauka ya Garissa. Hewa ya bahari ina unyevu, na mpini uliotengenezwa huko utasinyaa ukipelekwa bara penye ukavu. Kama kisu kimeagizwa na mtu wa bara, afadhali kuiacha pembe muda zaidi ndani ya nyumba, karibu na jiko lakini si juu yake.

KUKATA NA KUNYOOSHA

Ncha iliyojaa hufaa kisu chenye msuka mwembamba, unaoingia ndani ya mpini. Ile sehemu yenye uwazi hufaa kisu chenye msuka mpana, ambao hubanwa kati ya vipande viwili. Ili kujua uwazi umekoma wapi, ingiza waya ndani ya pembe mpaka ukwame, uushike kwa vidole mdomoni mwa pembe, kisha uutoe na kuulaza nje kwa kufuata mkunjo ule ule. Hapo utaona mahali pa kukata. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, na usiulazimishe.

Ile sehemu yenye uwazi hukatwa kipande cha urefu wa mpini, kama sentimita 12 hivi, kisha hupasuliwa kwa urefu ikawa nusu mbili. Kila nusu ina mviringo, nayo yataka kunyooshwa. Itie katika maji yanayotokota kwa nusu saa au zaidi mpaka ilainike. Mafundi wa Nairobi na wa nyanda za juu watahitaji subira kidogo kuliko wenzao wa pwani: kwa sababu ya kimo cha nchi, maji ya Nairobi hutokota kwenye joto la digri 94 hivi badala ya 100, na pembe hupenda joto kubwa. Ndiyo sababu mafundi wengine hutumia mafuta ya kupikia yaliyotiwa moto kufika digri 150. Mafuta hulainisha upesi na vizuri, lakini kipande chenye maji kikitumbukizwa humo mafuta huruka na kumchoma mtu uso. Asiye na kipimajoto asijaribu mafuta, maji yatamtosha. Na pembe ikianza kutoa harufu ya nywele zilizoungua, au malengelenge yakionekana, imekwisha kuharibika.

Kipande kilicholainika kitolewe kwa koleo na kuwekwa mara moja kati ya mabamba mawili ya chuma yaliyopashwa moto, ndani ya jiliwa. Kaza kidogo, ngoja, kaza tena. Ukikaza kwa nguvu mara moja kitapasuka katikati kwa sauti ambayo hutaisahau. Kiache humo usiku kucha, na baada ya kukitoa kibane kati ya mbao mbili kwa siku kadhaa kikauke kikiwa kimenyooka.

Yapasa kujua kwamba pembe haisahau umbo lake la kwanza. Mpini ulionyooshwa ukiachwa katika maji ya moto, au mbele ya kioo cha gari mchana wa jua, hujaribu kurudi ulivyokuwa. Ndiyo sababu gundi peke yake haitoshi.

KUTIA KISU

Kwa msuka mpana, sugua upande wa ndani wa kila kipande kwa msasa mkali juu ya kioo au jiwe lililo sawa, mpaka nuru isipenye kati yake na chuma. Unene wa milimita 6 kila upande hutosha kwa kisu cha kawaida. Pangusa kwa spiriti, paka gundi ya epoksi, na kama una kipande chembamba cha ngozi kitie kati ya pembe na chuma. Chuma hakivimbi wala hakisinyai kwa unyevu kama pembe, na ngozi hiyo hupatanisha wawili hao. Bana kiasi, usikaze hata gundi yote ikatoka. Ngoja siku nzima.

Matundu ya ribiti yatobolewe polepole, ukiiinua keekee mara kwa mara ili pembe isipate moto, na chini pawe na ubao. Tundu liwe pana kuliko ribiti kwa unywele mmoja, wala lisiwe karibu na ukingo. Ribiti za shaba ya manjano au misumari ya shaba iliyokatwa hufaa. Igonge kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi. Fundi wa seremala aliyezoea mpingo hupiga kwa nguvu kwa sababu mpingo humvumilia, pembe haivumilii.

Kwa msuka mwembamba, desturi ya wahunzi wetu ni kuutia msuka motoni ukawa mwekundu na kuusukuma ndani ya mpini. Kwa mti njia hiyo si mbaya. Kwa pembe huunguza kuta za tundu, na pembe iliyoungua haishiki tena, mbali ya moshi wake. Afadhali kutoboa tundu kwa keekee, kulipanua kwa tupa nyembamba, na kulijaza gundi.  Mdomoni mwa mpini pavikwe noleo, pete ya shaba iliyokatwa katika bomba kuukuu, kwa kuwa hapo ndipo pembe ipasukapo kwanza.

KUNG'ARISHA NA KUTUNZA

Umbo hutolewa kwa tupa, kisha kipande cha kioo kilichovunjika hukwangua alama za tupa vizuri kuliko chombo cho chote cha dukani. Fuata msasa wa namba 120, kisha 240, 400 na 600, ule wa mwisho ukiwa na maji ili vumbi lisiruke. Vumbi la pembe hudhuru mapafu, hata la mnyama mzima asiye na ugonjwa. Fundi afunge kitambaa kizito puani au avae barakoa, na akae upande utokako upepo. Anayetumia mashine ya kusugulia asiigandamize pembe, maana huungua kabla hajatambua. Mwisho kabisa sugua kwa kitambaa chenye jivu laini lililochungwa na mafuta kidogo, kwa muda mrefu, mpaka uone kivuli cha mkono wako juu ya mpini.

Kisu cha namna hii kisilazwe katika karai la maji pamoja na vyombo vingine. Kioshwe, kipanguswe, kiwekwe. Mara moja kwa mwezi mpini upakwe mafuta ya nazi au ya kitani, hasa wakati wa kiangazi. Kwa kazi za nyumbani na shamba, na kwa zawadi, hautapata mpini unaokaa vizuri mkononi kuliko huu, maana hauwi baridi kama chuma wala hautelezi kwa jasho. Lakini kwa mwenye bucha haufai. Kisu chake huoshwa kwa maji ya moto sana mara nyingi kwa siku, na mpini wa plastiki usionywa maji ni salama zaidi kwa wateja wake.

Unga na vipande vinavyobaki visitupwe. Pembe iliyosagwa ina naitrojeni kiasi cha sehemu 12 hata 14 katika mia, na wakulima wa bustani nchi nyingi huinunua kwa fedha. Huoza polepole, kwa hiyo haifai kwa mimea inayotaka chakula upesi, lakini konzi moja ikichanganywa na udongo chini ya shimo la mche wa mchungwa au mpapai italisha mti huo kwa miezi mingi. Ifukie vizuri, la sivyo mbwa wataifukua usiku ule ule.